Moto, Ng'ombe na Mgunga: Historia ya Nyasi katika Savana ya Ankole na Bonde la Kagera tangu Sotoka hadi Sasa

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna miti na usimamizi wa malisho vilivyobadilisha aina za nyasi katika savana ya Ankole, kusini magharibi mwa Uganda, na katika nyanda jirani za bonde la Kagera, tangu tauni ya sotoka ya miaka ya 1890. Hoja yake ni kwamba katika ukanda huu, wenye mvua ya kutosha kuotesha kichaka kizito, nyasi bora hazikudumu kwa nguvu ya asili peke yake. Zilitunzwa na kazi ya watu, yaani uchomaji wa nyika na uhamishaji wa mifugo. Kila mamlaka iliyofuata iliondoa sehemu moja ya kazi hiyo bila kuweka badala yake, kisha ikautangazia vita mmea uliojitokeza. Kampeni za sasa za kung'oa migunga na mchaichai pori zimo katika mkondo huohuo.

Utangulizi

Katika nyanda za Nyabushozi kuna nyasi ambayo ng'ombe huikwepa hata malisho yanapopungua. Wanyankole huiita omutete, na ng'ambo ya mpaka Wanyarwanda huiita umuteete. Kwa wataalamu wa mimea ni Cymbopogon, jamaa wa karibu wa mchaichai. Majani yake yana mafuta yenye harufu kali, nayo yakikomaa huwa makavu na magumu, na mashina yake hukaa pamoja katika mashungi mapana ambayo nyasi nyingine hazipati nafasi kati yake. Karibu nayo huota mgunga mdogo wa miiba, Acacia hockii, ambao ukikatwa shina moja huchipua mengi. Wafugaji, maofisa wa mifugo na watunzaji wa hifadhi wamekubaliana kwa muda mrefu kwamba mimea hii miwili ni adui wa malisho. Wasichokubaliana ni jinsi ilivyopata nguvu.

Jibu lililozoeleka katika ripoti ni kwamba ng'ombe walizidi uwezo wa ardhi. Jibu hilo lina ukweli wake, lakini halielezi kwa nini mgunga umeenea pia ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, ambamo wafugaji na ng'ombe wao waliondolewa mwaka 1983. Wala halielezi kwa nini nyanda hizi, zilizobeba makundi makubwa ya ng'ombe wa pembe ndefu kwa karne kadhaa, ziliwavutia wageni wa karne ya 19 kwa nyasi zake. Speke alipofika Karagwe mwaka 1861, na Stanley alipoikatiza Ankole mwaka 1889, wote wawili waliandika habari za vilima vya nyasi na wingi wa mifugo. Kama ng'ombe wengi pekee wangetosha kuleta omutete na mgunga, basi mimea hiyo ingekwisha kutawala kabla Stanley hajapita.

Jina la Acacia linatumika hapa kwa sababu ndilo linalosikika katika ofisi na mashamba ya eneo hilo. Mikutano ya wataalamu wa mimea ya Vienna mwaka 2005 na Melbourne mwaka 2011 iliihamishia migunga ya Afrika katika jenasi za Vachellia na Senegalia, lakini mabadiliko hayo bado hayajawafikia wengi wanaoishi na miiba yenyewe.

Mvua, mti na nyasi

Mwaka 2005 Mahesh Sankaran na wenzake walichapisha katika jarida la Nature uchambuzi wa maeneo 854 ya savana barani Afrika. Walionyesha kwamba pale ambapo mvua ya mwaka iko chini ya takriban milimita 650, ukame wenyewe huizuia miti isifunike ardhi, na hivyo nyasi zina uhakika wa nafasi yake. Mvua ikizidi kiwango hicho, hakuna kinachoizuia miti kufungamana isipokuwa misukosuko: moto, na midomo ya wanyama. Sehemu kubwa ya Nyabushozi, Isingiro na nyanda za Kagera hupata kati ya milimita 800 na 1,000 hivi kwa mwaka. Kwa hiyo savana hii iko upande wa pili wa mstari. Ikiachwa bila moto wala walaji, huelekea kuwa kichaka. Jambo hili moja lingekuwa limeandikwa katika ukurasa wa kwanza wa kila mpango wa maendeleo ya malisho ya Ankole, huenda historia inayofuata ingekuwa fupi zaidi.

Hata hivyo, si sahihi kuuona mti kuwa mpinzani wa nyasi siku zote. Katika utafiti uliofanywa Tsavo, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1980, Joy Belsky na wenzake walipima kilichokuwa chini ya migunga na mibuyu iliyosimama peke yake, wakakilinganisha na uwanda wa wazi. Chini ya kivuli udongo ulikuwa na rutuba zaidi na joto kidogo, na nyasi zilizaa zaidi. Aina zenyewe zilitofautiana: kivulini zilitawala Panicum maximum na nyasi za jamii ya ukoka, na nje ya kivuli zilitawala aina za Digitaria. Mti mmoja mkubwa, kwa hiyo, ni kama shamba dogo la nyasi laini katikati ya uwanda. Lakini watafiti haohao walipolinganisha eneo kavu na lenye mvua zaidi, waliona faida ya kivuli ikipungua mvua inapoongezeka. Naye Fulco Ludwig, katika eneo la Tarangire nchini Tanzania, alionyesha kwamba mizizi ya mgunga huzinyang'anya nyasi maji. Mizizi hiyo ilipozuiwa isifike, nyasi za kivulini ziliongezeka. Rutuba inayoletwa na mti hulipiwa kwa maji.

Matokeo ya Tsavo na Tarangire hayawezi kuhamishiwa Ankole kama yalivyo, kwa kuwa maeneo hayo ni makavu zaidi. Kinachoweza kuhamishwa ni kanuni ya idadi na umbo la miti. Miti michache mikubwa yenye mwavuli wa juu huongeza aina za nyasi, na hasa zile laini. Vichipukizi vingi vifupi vilivyosongamana, kama vya Acacia hockii iliyokatwakatwa, huleta kivuli na ushindani wa maji bila muda wa kutosha wa kujenga rutuba. Anayehesabu miti kwa hekta bila kuangalia kimo chake huchanganya vitu viwili vyenye matokeo yanayopingana.

Uhusiano huu una upande wake wa pili. Huko Laikipia, Corinna Riginos aligundua kwamba nyasi nazo huidumaza miti: pale zilipoondolewa, migunga ya rika mbalimbali ilikua kwa kasi zaidi. Ng'ombe hula nyasi, na kwa kawaida hali mgunga. Kila anapokula huuondolea mche mshindani wake, na papo hapo huondoa kuni za moto ambao ungeuunguza mche huo kabla haujapata kimo cha kuuepuka. Maganda ya mgunga yakiliwa, baadhi ya mbegu zake ngumu hutoka salama katika kinyesi na kuanguka mahali penye mbolea. Ng'ombe akikaa mahali pamoja mwaka mzima, humfanyia mgunga hisani tatu kwa mpigo. Akipita na kuondoka, nyasi zikapata msimu wa kukua hadi kukauka, na moto ukafuata, hesabu hugeuka.

Kazi ya moto na nyayo

Wafugaji wa Kihima walichoma nyika wakati wa kiangazi ili mvua za kwanza zioteshe majani mabichi. Makundi yalihama kati ya vilima na mabonde kufuata maji na majani, na maboma yalihamishwa pia. Kwa jicho la afisa wa kilimo wa kikoloni, uchomaji ulikuwa uharibifu na uhamaji ulikuwa ukosefu wa utulivu. Kwa upande wa nyasi, mambo hayo mawili yalikuwa ratiba.

Mfano ulio wazi ni Themeda triandra, nyasi nyekundu inayopendwa na ng'ombe katika savana za Afrika mashariki na kusini. Nyasi hii haistahimili kulishwa mfululizo, lakini pia haistahimili kuachwa. Isipokatwa wala kuchomwa kwa miaka kadhaa, majani yake makuukuu huizibia mwanga mpaka shina zife. Huhitaji kuondolewa majani kisha kupumzishwa. Omutete una tabia nyingine. Moto hauuui, lakini hulazimisha majani machanga kutoka upya, na kwa majuma machache majani hayo huwa laini kiasi cha kulika. Ng'ombe wakifika wakati huo, omutete hupoteza faida yake ya kukwepwa. Wakichelewa, au moto usipokuwapo kabisa, ng'ombe huchagua Themeda na Brachiaria huku wakiuacha omutete ujijenge. Maana yake ni kwamba moto bila ng'ombe hautoshi, na ng'ombe bila moto huharibu. Kilicholinda malisho kilikuwa ufuatano wa hayo mawili, na ufuatano huo uliwahitaji watu wanaojua majira na wenye uhuru wa kuhama.

Maboma ya kale yaliacha alama nyingine. Utafiti wa Laikipia umeonyesha kwamba mahali palipolala ng'ombe kwa miezi au miaka hubaki na udongo wenye rutuba kwa miongo mingi baada ya boma kuhamishwa, na pakawa viwanja vya ukoka mfupi ambavyo wanyamapori na mifugo hurudi kuvilisha. Uhamaji wa boma, kwa hiyo, ulisambaza rutuba juu ya ardhi kidogokidogo.

Lakini si kila doa la kijani lina mkono wa mfugaji nyuma yake. Paul Okullo na Stein Moe, waliofanya kazi ndani ya Hifadhi ya Ziwa Mburo, walichapisha mwaka 2012 matokeo yaliyoonyesha kwamba vichuguu vya mchwa vinaeleza tofauti za uoto wa chini kutoka mahali hadi mahali kuliko ulishaji wenyewe. Mwanahistoria anayetaka kuiona kazi ya binadamu kila penye nyasi hana budi kumwachia mchwa sehemu yake.

Sotoka na mbung'o

Sotoka ilipoingia mwanzoni mwa miaka ya 1890, Ankole na Karagwe zilipoteza sehemu kubwa mno ya ng'ombe wao ndani ya muda mfupi. Njaa na ndui vilifuata. Athari kwa watu zimesimuliwa mara nyingi. Athari kwa nyasi zimesimuliwa kidogo, ingawa ndizo zilizoamua karne iliyofuata. Nyanda zilipoteza walaji wake na wachomaji wake kwa pamoja. Watu waliobaki walikuwa wachache, hawakuwa na mifugo ya kuihamisha, na hawakuwa na sababu ya kuchoma vilima ambavyo hakuna atakayevilisha. Miche ya migunga iliyokuwa ikiunguzwa kila miaka michache ilipata nafasi ya kupita kimo cha moto.

Kichaka kilipofungamana, wanyamapori waliopona walirudi kwa wingi, nao mbung'o wa savana, Glossina morsitans, aliwafuata. Mbung'o huyu huhitaji kivuli cha miti na damu ya wanyama kama ngiri, nyati na pongo. Katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20 alisonga kutoka Karagwe kuelekea Ankole, na nagana ikawasukuma wafugaji kuyahama malisho yao. Kila eneo lililohamwa likawa kichaka, na kila kichaka kipya kikawa nyumba ya mbung'o.

Aliyelieleza jambo hili kwa kina ni John Ford, mtaalamu wa mbung'o aliyefanya kazi katika eneo hilo. Tayari mwaka 1947, pamoja na R. de Z. Hall, alikuwa amechapisha historia ya Karagwe, na kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu nafasi ya magonjwa ya ndorobo katika ikolojia ya Afrika kilipinga fikra kwamba Waafrika walikuwa wahanga tu wa mdudu hadi wakoloni walipofika. Kwa mujibu wa Ford, jamii za kabla ya ukoloni zilikuwa zimejenga mpaka kati yao na pori, mpaka uliosukumwa huku na huko lakini ukadumu, na msukosuko wa mwisho wa karne ya 19 ndio uliouvunja. Ford alikuwa mtumishi wa serikali za kikoloni, jambo linaloipa hukumu yake uzito wa pekee. Hata hivyo, alimwangalia zaidi mdudu, mnyama na mti. Nyasi katika maelezo yake ni uwanda ambao mbung'o hayupo. Ni aina gani za nyasi zilizokuwa katika uwanda huo, na zipi zilizorudi baada ya kichaka kufyekwa, ni maswali yaliyoachwa kando.

Serikali ya Uganda, kabla na baada ya uhuru, ilimkabili mbung'o kwa njia tatu: kuwapiga risasi wanyamapori, kufyeka miti, na kunyunyiza dawa. Vita hivyo vilifaulu. Kufikia miaka ya 1960 malisho mengi ya Nyabushozi na ya upande wa Masaka yalifunguka tena. Lakini shabaha ilikuwa mdudu, na mafanikio yalipimwa kwa kutoweka kwake. Miti mikubwa yenye kivuli ilianguka pamoja na vichaka, na visiki vya Acacia hockii vilibaki ardhini vikiwa hai.

Ranchi na amri ya mwaka 1974

Ardhi iliyokombolewa kutoka kwa mbung'o haikurudishwa kwa utaratibu wa zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Marekani, ulianzishwa mpango wa ranchi za Ankole na Masaka. Nyanda ziligawanywa katika vipande vya takriban hekta 1,200 kila kimoja, na vingi vilikwenda kwa watu wenye uwezo na uhusiano. Wafugaji wengi wa kawaida waligeuka wapangaji, au wavamizi wa ardhi waliyokuwa wakiilisha zamani. Mgogoro huo ulikua hadi serikali ikaunda bodi ya kuzigawa upya ranchi mwaka 1990.

Simulizi ya ranchi kwa kawaida husimuliwa kama simulizi ya ardhi na haki, na inastahili. Kuna simulizi nyingine iliyofichwa ndani yake. Ranchi iliweka ng'ombe ndani ya mipaka kwa miezi yote ya mwaka. Aliyekuwa na hekta 1,200 angeweza, kwa uangalifu, kuzigawa na kuzipumzisha. Lakini baada ya mwaka 1990, ranchi zilipokatwa vipande na wafugaji wengi zaidi kupata haki yao, kila kipande kilikuwa kidogo zaidi na kupumzisha ardhi kukawa kugumu zaidi. Haki ya ardhi ilipatikana, na kwa nyasi gharama ikaongezeka. Wanaotetea ugawaji ule hawana haja ya kulikana hilo, na wanaoupinga hawana haki ya kulitumia kama hoja ya kuwarudisha watu katika hali ya wavamizi.

Omutete ulikuwa umekwisha kujitokeza mapema. Mwaka 1969 watafiti Harrington na Thornton walichapisha ulinganisho wa njia mbili za kuupunguza katika malisho ya Ankole, yaani ulishaji uliodhibitiwa na kung'oa kwa jembe, na mwaka 1974 Harrington na Pratchett wakachapisha majaribio ya idadi ya ng'ombe kwa eneo. Kwamba utafiti wa namna hiyo ulihitajika katika muongo wa kwanza wa ranchi inaonyesha kwamba tatizo halikuletwa na wafugaji wa miaka ya karibuni, kama inavyodaiwa mara nyingi.

Mwaka huohuo wa 1974, chini ya utawala wa Idi Amin, ilitolewa amri ya kupiga marufuku uchomaji wa nyasi, isipokuwa kwa idhini ya mamlaka. Amri hiyo ilibaki katika vitabu vya sheria za Uganda. Haikuwa fikra mpya. Maofisa wa kikoloni walikuwa wameulaani moto kwa miongo mingi. Kilichokuwa kipya ni kwamba marufuku ilikuja wakati uhamaji pia ulikuwa umekwisha kufungwa na mipaka ya ranchi. Kabla ya hapo, mfugaji aliyenyimwa kimoja alikuwa na kingine. Sasa nguzo zote mbili za ratiba ya zamani zilikuwa zimeondolewa kisheria. Moto wenyewe haukukoma. Uliendelea kwa kificho, ukawashwa usiku na kuachwa, bila mtu wa kuusimamia kwa kuwa kuusimamia ni kujitambulisha. Moto wa namna hiyo huwaka popote upepo unapoupeleka, na mara nyingi ng'ombe hawapo tayari kuja nyuma yake.

Ziwa Mburo: jaribio ambalo hakuna aliyelipanga

Eneo la Ziwa Mburo lilitengwa katika miaka ya 1930 kuwa eneo la uwindaji uliodhibitiwa, likawa pori la akiba mwaka 1963, na Wahima waliendelea kulisha humo. Mwaka 1983 serikali ya Obote ililipandisha kuwa hifadhi ya taifa na kuwaondoa wafugaji bila fidia. Utawala huo ulipoanguka mwaka 1985, waliofukuzwa walirudi, wakawatimua askari wa hifadhi, wakaharibu majengo na kuua wanyama. Serikali mpya ilibakiza chini ya nusu ya eneo la awali. Hifadhi ya leo ina takriban kilomita za mraba 260. Uchungu wa tukio hilo bado unaathiri kila mazungumzo kati ya hifadhi na majirani zake.

Kwa mwanahistoria wa mimea, yaliyotokea ni kama jaribio. Upande mmoja ng'ombe hawapo, na moto umedhibitiwa au hutokea kwa ajali. Tembo, ambaye katika savana nyingine huangusha miti, ametoweka pia. Upande mwingine ng'ombe wapo mwaka mzima. Ndani ya hifadhi Acacia hockii ilisonga juu ya uwanda wa nyasi, na katika sehemu zilizobaki wazi nyasi ndefu zilikomaa na kukauka zikiwa zimesimama. Nje ya hifadhi nyasi ni fupi, na omutete huonekana palipolishwa kwa kuchagua.

Mwaka 2006 Ole Rannestad na wenzake walichapisha hesabu iliyoonyesha kwamba katika msimu wa mvua, wanyamapori wenye kwato walikuwa wengi zaidi kwa eneo katika malisho ya wafugaji kuliko ndani ya hifadhi. Yaani pundamilia na swala pala, yule mnyama aliyeupa mji wa Kampala jina lake, walitoka mahali palipotengwa kwa ajili yao wakaenda kwa ng'ombe. Sababu iliyo karibu zaidi ni nyasi zenyewe: ng'ombe walizifanya fupi na changa, na uwanda wazi humwezesha mnyama kumwona adui kutoka mbali. Matokeo hayo hayamaanishi kwamba hifadhi ifunguliwe kwa mifugo wote. Yanamaanisha kwamba mwaka 1983 wanyamapori hawakuondolewa mshindani tu. Waliondolewa pia mtayarishaji wa malisho yao.

Hatua zilizofuata zimeelekezwa kwa mti. Mamlaka ya wanyamapori imeng'oa migunga, na mwaka 2015 ilihamishia Mburo twiga 15 kutoka Maporomoko ya Murchison, mojawapo ya sababu zilizotajwa ikiwa ni kuipunguza migunga hiyo. Twiga ni nyongeza njema kwa utalii. Lakini yeye hula matawi ya juu, na mgunga unaoamua hatima ya nyasi ni mche ulio chini ya goti, uliofichwa ndani ya nyasi. Mche huo huuawa na moto, au hudumazwa na nyasi zenye nguvu. Palipong'olewa mgunga bila utaratibu wa kufuatia, shimo lililobaki huwa tayari kupokea mbegu inayofika kwanza.

Ng'ambo ya mpaka

Rwanda imepitia njia yake kwa kasi zaidi. Hifadhi ya Akagera iliundwa mwaka 1934. Baada ya mwaka 1994 wakimbizi walirejea, wengi kutoka Uganda, wakiwa na ng'ombe wao wa pembe ndefu, na mwaka 1997 hifadhi ilipunguzwa kwa zaidi ya nusu ili kuwapatia ardhi. Nyanda za Mutara zikawa mashamba ya mifugo yaliyozungushiwa uzio. Mwaka 2013 uzio wa umeme wa kilomita 120 ulikamilika kati ya hifadhi na wakulima; simba walirudishwa mwaka 2015 na faru weusi mwaka 2017. Uzio umepunguza madhara kwa mazao na mifugo, na hilo si dogo. Umefunga pia kile ambacho Mburo kiliachwa wazi kwa ajali: njia ya wanyama kufuata nyasi fupi. Usimamizi wa moto ndani ya Akagera kwa sababu hiyo una uzito mkubwa kuliko awali, kwa kuwa nyasi za ndani hazina tena ng'ombe wala mlango.

Tanzania nayo, mwaka 2019, iliyapandisha mapori ya akiba ya Burigi, Biharamulo, Kimisi, Ibanda na Rumanyika kuwa hifadhi za taifa. Hizo ni nyanda zilezile alizozipita Speke, na mvua yake iko upande uleule wa mstari wa Sankaran. Waliozipanga wana faida ambayo wenzao wa mwaka 1983 hawakuwa nayo: Mburo iko umbali wa siku moja ya safari, na mwenendo wa nyasi zake kwa miaka zaidi ya 40 unaweza kutazamwa.

Kinachotakiwa kupimwa

Katika mipango ya sasa ya malisho, kazi hupimwa kwa hekta zilizofyekwa migunga au kung'olewa omutete. Kipimo hicho ni rahisi kulipia na rahisi kuandika, lakini hakisemi kitu kuhusu mwaka wa tatu. Kipimo chenye maana ni aina ya nyasi iliyochukua nafasi: kama ni Brachiaria, Themeda na Chloris gayana, au kama ni Sporobolus pyramidalis yenye majani magumu, omutete mpya na vichipukizi vya visiki. Hesabu hiyo yahitaji mtu anayezijua nyasi kwa majina, na katika nyanda hizi watu hao wengi ni wazee wa Kihima ambao majina yao ya mimea hayajaingizwa kwa utaratibu katika miongozo ya maofisa ugani. Miti mikubwa iliyosalia, kwa upande wake, inastahili kuhesabiwa mbali na vichaka, na ilindwe hata pale vichaka vinapofyekwa.

Suala la moto ni gumu zaidi, na marekebisho ya sheria peke yake hayatalimaliza. Amri ya mwaka 1974 inaacha mlango wa kibali, na wilaya ingeweza kuutumia mlango huo kupanga uchomaji wa zamu, kilima kwa kilima, ukifuatwa na ulishaji wa muda mfupi kisha mapumziko. Kinachokwamisha ni ukubwa wa mashamba na biashara ya maziwa. Mwenye hekta 20 na ng'ombe wa maziwa anayepeleka maziwa kituoni kila asubuhi hawezi kuchoma nusu ya malisho yake na kungoja mvua, kwa sababu ng'ombe wake hawana pa kwenda katika majuma hayo, na uzio wa jirani ni wa nguzo za miti. Wahima wa kabla ya sotoka waliweza kungoja kwa kuwa kilima cha pili kilikuwa wazi kwao. Leo kilima hicho kina mwenyewe, na kuchoma kwa zamu kutawezekana tu pale majirani watakapokubaliana kupokea ng'ombe wa mwenzao kwa msimu mmoja, kwa malipo au kwa ahadi ya kurudishiwa. Makubaliano ya aina hiyo hayamo katika mpango wowote wa ranchi uliotajwa hapa. Wenye kumbukumbu za namna yalivyofanywa zamani bado wapo Nyabushozi, Mutara na Karagwe, nao wanazeeka.